Barakoa ya Fedha: Ulingo, Katuni na Sinema ya Wanamieleka

Mashabiki wa katuni, wa filamu za mapigano na za kutisha, na wa ndondi na mieleka mara nyingi ni watu walewale. Anayekesha akisubiri pambano ndiye aliyekuwa akibadilishana vitabu vya katuni shuleni, na ndiye anayejua kwa majina waigizaji ambao wapenzi wa sinema "za maana" hawajapata kuwasikia. Mahali ambapo mapenzi hayo matatu yaliungana mpaka ikawa vigumu kuyatenganisha ni Meksiko ya katikati ya karne ya 20, na kilichoyaunganisha ni kipande cha kitambaa: barakoa ya mwanamieleka. Uso ukishafunikwa, mchoraji anaweza kuuchora bila kukosea, mwigizaji mwingine anaweza kuuvaa kamera zikiwaka, na mtoto anaweza kuununua sokoni kwa hela ya peremende alizojinyima.

Mieleka ya kulipwa ilipata mpangilio Meksiko mwaka 1933, pale Salvador Lutteroth alipoanzisha kampuni ya kuandaa mapambano katika Jiji la Meksiko. Mwaka uliofuata mwanamieleka wa Kimarekani aliyeitwa Ciclón McKey alimwendea fundi viatu mmoja, Antonio Martínez, akataka ashonewe kitu cha kuficha uso. Fundi viatu alikuwa ndiye hasa wa kazi hiyo. Barakoa ya mieleka hukatwa vipande vinne, vikashonwa vikae barabara juu ya paji, mashavu na kidevu, kisha nyuma ya kichwa hukazwa kwa kamba zinazopita kwenye vitundu. Ikilegea, jicho linazibwa katikati ya mruko. Ikibana mno, pumzi inakatika. Familia ya Martínez iliigeuza kazi hiyo kuwa ufundi wake na kuirithisha.

Pambano la kawaida lina duru tatu, na atakayechukua mbili ndiye mshindi. Duru huisha mabega ya mtu yakigandamizwa sakafuni mpaka refa ahesabu tatu, au aliyetiwa kabali asalimu amri. Wanamieleka wamegawanyika kambi mbili. Kuna mafundi, wanaofuata kanuni na kuruka kutoka juu ya kamba, na kuna wakorofi, wanaong'ata, wanaopiga chini ya mkanda na kumvizia refa akigeuka. Kumvua mpinzani barakoa ni kosa linalompotezea mtu duru. Kuna pambano moja tu ambalo kanuni hiyo hugeuzwa: barakoa kwa barakoa. Atakayeshindwa hapo huvua yake mbele ya ukumbi mzima, hutajwa jina lake la kuzaliwa, na hairudii tena. Asiye na barakoa huweka rehani nywele zake, na kinyozi humaliza kazi palepale ulingoni.

Matokeo hupangwa kabla. Mashabiki wanalijua hilo, na kusema kwamba wanadanganywa ni kuwakosea adabu. Maanguko ni ya kweli, shingo na magoti huumia kweli, na anayelipa kiingilio anataka kuona jinsi jambo litakavyotendwa kuliko nani atakayeshinda. Pambano likiwa zuri kupita kiasi watazamaji huwarushia wanamieleka sarafu ulingoni, na hiyo ni tuzo ambayo hakuna promota anayeweza kuipanga.

Mtu aliyeubeba mchezo huo hadi kwenye katuni na sinema alikuwa Rodolfo Guzmán Huerta, aliyezaliwa Tulancingo mwaka 1917 na kukulia katika Jiji la Meksiko. Alianza mieleka miaka ya 1930 kwa majina kadhaa, na mojawapo, Popo wa Pili, lilimletea shida kwa sababu Popo wa kwanza alikuwa hai na akalalamika. Mwaka 1942 alivaa barakoa ya rangi ya fedha na kuchukua jina El Santo, yaani Mtakatifu. Kilichowavutia watu ni kwamba Mtakatifu huyo alikuwa mkorofi. Kwa takriban miaka ishirini alipiga watu isivyo halali huku akiitwa jina la kanisani, na ni mwaka 1962 tu ndipo alipohamia kambi ya mafundi, wakati sinema ilikuwa imeshamfanya shujaa na ukorofi haukumfaa tena.

Usiku uliomjenga zaidi ulikuwa wa Novemba 1952, alipomvua barakoa Black Shadow. Mshirika wa Black Shadow, Blue Demon, aliapa kulipiza, na mwaka 1953 alimpokonya Santo ubingwa wa dunia wa uzito wake. Kutoka hapo mashabiki wa Meksiko waligawanyika, wa fedha na wa bluu, na mgawanyiko huo haukuzibwa hata wawili hao walipokuja kuigiza filamu pamoja kama marafiki wa kufa na kuzikana.

Mwaka huohuo wa 1952 mchoraji na mchapishaji José G. Cruz alianza kutoa kijitabu cha Santo. Hakikuwa katuni ya kuchorwa tupu. Santo alipigwa picha studio akiwa ameruka, ameanguka au ameinua ngumi. Picha hizo zikakatwa kwa mkasi, zikabandikwa juu ya mandhari iliyochorwa, makaburi, mapango, milango ya kuzimu, kisha wino ukapitishwa kufunika pale mkasi ulipopita. Yote yakachapwa kwa rangi ya kahawia. Ukikiangalia leo unaona kivuli cha Santo kimeelekea kushoto na cha jini anayepigana naye kimeelekea kulia, wala haikumsumbua msomaji yeyote. Mtu waliyemwona Ijumaa ulingoni akitoka jasho, wiki ileile alikuwa anapambana na wachawi, na uso ulikuwa uleule kwa sababu barakoa ilikuwa ileile. Kijitabu kiliendelea kwa zaidi ya miaka ishirini, na nakala moja ilipita mikono mingi kabla haijachanika.

Barakoa iliyorahisisha kazi ndiyo iliyoleta ugomvi. Santo na Cruz walipokosana juu ya malipo, Cruz alimweka mtunisha misuli mwingine ndani ya vazi lilelile, akaongeza herufi S kwenye paji la barakoa, na hadithi zikaendelea. Shauri lilifika mahakamani. Swali lililoulizwa humo ni gumu zaidi ya linavyoonekana: shujaa asiyeonyesha uso ni mali ya nani, anayemvaa au anayemsimulia?

Sinema ilimkuta Santo akisitasita. Filamu ya kwanza kubeba jina lake la sifa, Mwenye Barakoa ya Fedha, ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 bila yeye. Alikataa, na nafasi ikachukuliwa na mwanamieleka mwingine, El Médico Asesino. Katikati ya muongo huo wakuu wa Jiji la Meksiko walipiga marufuku mieleka kwenye runinga, kwa hoja kwamba watoto waliiga miruko hadi wakaumizana. Marufuku hayo yalisaidia sinema kuliko tangazo lolote. Asiyeweza kufika ukumbini, au aliyeishi mkoani, sasa aliwaona wanamieleka kwenye pazia kubwa kwa bei ya tiketi.

Filamu mbili za kwanza za Santo mwenyewe zilipigwa Kuba mwaka 1958, wiki chache kabla ya Fidel Castro kuingia Havana. Katika hizo yeye hata si mhusika mkuu. Kisha zikafuata nyingine hamsini hivi. *Santo contra las mujeres vampiro*, inayompambanisha na wanawake wanyonya damu, ya mwaka 1962, ndiyo inayosifiwa zaidi, na inastahili: majeneza yake, ukungu wake na uso wa Lorena Velázquez kama malkia wa wanyonya damu vingetosha kuibeba hata bila mieleka. Ilipouzwa Marekani ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Santo akabatizwa Samson.

Filamu hizi zilikuwa na kanuni zake. Santo anaishi kwenye nyumba yenye mitambo, anaitwa na mkuu wa polisi kwa luninga ya siri, anaendesha gari la michezo lisilo na paa akiwa amevaa barakoa na joho, na hakuna hata mtu mmoja barabarani anayemshangaa. Kila baada ya dakika ishirini hadithi inasimama ili aende ulingoni kutimiza pambano la wiki. Wakosoaji waliyaona mapambano hayo kuwa kiraka; mashabiki ndiyo waliyoyafuata. Sauti inayosikika, mara nyingi, si yake. Waigizaji wa sauti walimsemea baadaye studio, kwa hiyo Santo wa sinema ni mwili wa mtu mmoja, sauti ya wa pili na uso usio wa yeyote. Nyingine zilipigwa kwenye studio ambazo chama chao cha wafanyakazi kiliruhusiwa kutengeneza filamu fupi tu, ndiyo maana hadithi imekatwa sehemu tatu, kila moja na kichwa chake, ili sheria iridhike.

Shabiki wa banda la video Dar es Salaam au Nairobi, aliyekua akijua kwamba steringi hafi, hahitaji kuelezwa mengine. Ila kuna jambo moja la Meksiko lisilo la kawaida, nalo linaonekana katika *Las momias de Guanajuato* ya mwaka 1972. Maiti kavu za Guanajuato ni za kweli. Zilianza kufukuliwa makaburini mwaka 1865 kwa sababu jamaa zao hawakulipa kodi ya kaburi, na hadi leo zimo katika jumba la makumbusho. Katika filamu zinafufuka na kuua watu. Kwa sehemu kubwa wanaohangaika nazo ni Blue Demon na Mil Máscaras, kijana aliyebuniwa miaka ya 1960 akiwa tayari ameandaliwa kwa ulingo, magazeti na sinema kwa pamoja. Wanapiga mateke, wanashindwa. Santo anafika mwishoni kabisa, zinatolewa bastola za kurusha miali ya moto, na kwa dakika chache maiti zote zimeteketea. Mashabiki wa Blue Demon hawajasamehe mpaka leo, na ni vigumu kuwalaumu.

Uaminifu wa mashabiki ulikuwa pia ulinzi. Kwa zaidi ya miaka arobaini uso wa Santo haukuchapishwa waziwazi. Alikuwa na barakoa ya kulia chakula, iliyokatwa kidevuni, na aliivaa mezani na watu. Aliaga ulingo Septemba 1982. Mwanzoni mwa mwaka 1984, kwenye kipindi cha runinga, aliinua barakoa kidogo tu, pua na macho yakaonekana, akairudisha. Haikupita muda, tarehe 5 Februari, moyo ulisimama na akafariki. Alizikwa akiwa ameivaa. Mwanawe alikuwa ameshaanza mieleka kwa jina la Mwana wa Santo, na Blue Demon naye, alipofariki mwaka 2000, alizikwa na ya bluu.

Baada ya tetemeko la Septemba 1985 kubomoa sehemu ya Jiji la Meksiko, wapangaji waliofukuzwa majumbani walijiundia chama, na mwaka 1987 akatokea kati yao mtu mwenye barakoa nyekundu na ya manjano, Superbarrio. Hakuwa akipigana na maiti kavu. Alikwenda kwenye nyumba ambazo wapangaji walikuwa wanatolewa, akasimama mlangoni, na maofisa walijikuta wanabishana na shujaa wa katuni mbele ya kamera. Si kila shabiki wa mieleka aliyependa siasa zake, lakini kila mmoja alizielewa bila kuelezwa.

Japani njia ilikwenda kinyume, kutoka kwenye katuni kuja ulingoni. Mwaka 1968 mwandishi Ikki Kajiwara na mchoraji Naoki Tsuji walianza kutoa katuni ya Tiger Mask, hadithi ya Naoto Date, yatima anayekuwa mwanamieleka mwenye kichwa cha chui milia na kuwapelekea fedha watoto wa kituo alicholelewa. Aprili 1981 kampuni moja ya mieleka ya Tokyo ilimpandisha ulingoni Tiger Mask wa nyama na damu. Ndani ya barakoa alikuwamo Satoru Sayama, kijana mfupi aliyekwishapigana Meksiko, na miruko aliyojifunza huko iliwaacha watazamaji midomo wazi. Hakudumu; baada ya miaka miwili aliondoka, akiwa amechoshwa na mapambano yaliyopangwa, na katikati ya miaka ya 1980 akaanzisha Shooto, mojawapo ya michezo ya kwanza ya mapigano mchanganyiko yasiyo ya kuigiza. Mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyempenda mwanamieleka Rey Mysterio kwenye runinga na kisha akahamia kwenye mapambano ya ndani ya vizimba amepita njia ambayo Sayama aliipita kwa miguu yake.

Tarehe 25 Desemba 2010, nje ya kituo cha watoto mjini Maebashi, yalikutwa mabegi kumi mapya ya shule pamoja na barua. Jina lililoandikwa kuwa la mtoaji lilikuwa Naoto Date. Habari ilipotangazwa, zawadi kwa jina hilohilo zilianza kuonekana kwenye vituo vya watoto katika mikoa mingine, mabegi, penseli, mchele na fedha taslimu, kutoka kwa watu wasiojuana. Mtoaji wa kwanza alijitokeza hadharani miaka sita baadaye, kwenye onyesho la mieleka jijini Tokyo, alipoalikwa ulingoni kando ya Tiger Mask.