Soma Sababu Kabla ya Kuomba Huruma

Tuseme mume wa mama mmoja wa Kipkelion, Kericho, ni Mtanzania. Wameoana miaka sita, wana watoto wawili na kishamba cha kahawa. Kibali chake cha kukaa Kenya kiliisha, naye akaendelea kukaa. Siku moja anashikwa, kisha familia inaletewa karatasi yenye sahihi ya waziri: aondoke nchini, asirudi. Jioni hiyo jamaa wanakutana, kijana mwenye mwandiko mzuri anapewa kalamu, na barua inaanza: "Mheshimiwa, twakuomba kwa unyenyekevu mkubwa..." Unyenyekevu unajaza kurasa tatu. Kuhusu kibali, hakuna hata sentensi moja.

Barua za namna hii sizidharau, maana huandikwa na watu walioumia. Ila hazijibu kilichoandikwa kwenye amri. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 kinampa waziri uwezo wa kuamuru, kwa maandishi, kwamba mtu aliyekuwa nchini kinyume cha sheria aondolewe na akae nje, ama kwa muda uliotajwa ama bila kikomo. Kwa mume wetu, amri yote imesimama juu ya hoja moja, kwamba kuwepo kwake hapa si halali. Hoja hiyo ndiyo ya kushambuliwa. Je, aliomba kibali kipya kabla cha zamani hakijaisha? Ana risiti ya malipo? Risiti moja yenye tarehe nzuri ina nguvu kuliko kurasa zote tatu za yule kijana.

Hapo kuna madai mawili ambayo watu huyachanganya chungu kimoja. Kusema "mlikosea" ni kudai kwamba hata siku amri ilipotiwa sahihi, ukweli ulikuwa mwingine. Kusema "hali imebadilika" ni kukubali kwamba amri ilikuwa sawa siku ile, ila sasa kuna jambo jipya. Anayeyasema yote mawili kwa pumzi moja humpa karani nafasi ya kuchagua lile dhaifu na kulijibu hilo tu. Na ndoa? Ina uzito, lakini haifuti kosa la kibali. Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa aliyeoana na Mkenya haki ya kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa. Huyu wetu amebakisha mmoja.

Sababu za uamuzi huombwa, tena kwa haki. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ambaye haki zake zinaguswa na uamuzi wa serikali apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya kutekeleza kifungu hicho ina meno zaidi: afisa akiombwa sababu asizitoe, mahakama itachukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu ya maana, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo barua ya kwanza iwe fupi na iombe sababu. Ipelekwe kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala isiyo na muhuri ni sawa na barua ambayo haikuandikwa.

Kericho, nchi hii ya chai, inajua amri ambayo haikuacha hoja ya kujibu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Kericho watu wa Talai, ukoo wa maorkoiyot, viongozi wa kiroho wa Kipsigis. Takriban watu 700, wake na watoto wakiwemo, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye joto, malaria na mbung'o. Walizuiliwa huko hadi 1962. Mtoto wa Kitalai angeomba nini kifikiriwe upya? Hakushtakiwa kwa jambo alilofanya. Sababu ilikuwa kuzaliwa kwake. Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali mwaka 2019 kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa, na mwaka 2022 malalamiko yao yakapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Amri yenye hoja ya kujibu nayo ina mfano wake jirani. Ukifuata reli inayoshuka kutoka Kipkelion, kupitia Fort Ternan na Muhoroni, unafika Nyando, nyumbani kwa wakili Miguna Miguna. Februari 2018 alipakiwa ndegeni akapelekwa Canada, serikali ikidai alipoteza uraia wa Kenya alipochukua wa huko. Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba aliyezaliwa Mkenya hakuupoteza, na akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 7. Sababu ilianguka, na amri ikaanguka nayo. Hata baada ya hukumu hiyo, Miguna hakukanyaga Nairobi hadi Oktoba 2022.

Miaka hiyo minne ndiyo inayonifanya niwasumbue watu kuhusu ndege. Barua ya kuomba amri ifikiriwe upya, hata ikiwa na mihuri kumi, peke yake haizuii safari. Kinachoizuia ni amri ya muda ya Mahakama Kuu, na jambo mojawapo ambalo mahakama itauliza ni kama ulianza kwa idara yenyewe ya uhamiaji. Usipoanza huko, ueleze kwa nini ilishindikana. Mtu akiwa tayari yuko kizuizini uwanja wa ndege, jaji hatakuwa na shida kuelewa. Basi wakili na barua vitoke nyumbani siku moja. Yule mama asikae Kipkelion kungoja jibu la posta. Apande matatu ya alfajiri na bahasha yake: karatasi ya waziri, pasipoti ya mume, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ile risiti, nakala tatu tatu. Za asili zisitoke mikononi mwake.