Jumamosi ya Waendesha Baiskeli wa Nairobi

Jumamosi alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza, vituo vya mafuta vya pembezoni mwa Nairobi hupata wageni wasionunua mafuta. Wamevaa jezi za rangi kali na kofia ngumu, taa nyekundu zinametameta nyuma ya viti vya baiskeli, na kila mmoja anabonyeza tairi kwa kidole gumba kupima upepo. Hawalipwi na mtu kwa mchezo huu. Ni mhasibu, mwalimu wa shule ya upili, fundi wa kompyuta, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Wana kazi za wiki nzima, wana watoto, wana wazazi wanaozeeka mashambani, na mazoezi yao yamesukumwa hadi saa chache za wikendi. Mimi ni mmoja wao na ni mzazi pia, na kwangu jambo la kuandikwa si kasi yetu barabarani. Ni makubaliano yanayofanyika ndani ya nyumba kabla baiskeli haijatolewa mlangoni.

Mgeni anaweza kuuliza kwa nini iwe Jumamosi na si Jumapili, siku ambayo barabara zina magari machache zaidi asubuhi. Jibu liko jikoni. Jumapili ndiyo siku ambayo dada wa nyumbani hupumzika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na katika nyumba nyingi za Nairobi siku hiyo ni Jumapili, wengine wakiondoka tangu Jumamosi jioni. Dada akishaondoka, uji, nguo za kanisani, nywele za kusukwa na mtoto anayetambaa vyote vinawarudia wazazi. Anayetoka na baiskeli asubuhi hiyo anamwachia mwenzake mzigo wa watu wawili. Vikundi vya baiskeli vilipoichagua Jumamosi kuwa siku ya safari ndefu, vilikuwa vinaifuata ratiba ya nyumba bila kuitangaza.

Lazima hili lisemwe wazi, kwa sababu sisi waendesha baiskeli tunapenda kujisifu kwa nidhamu ya kuamka mapema. Kuamka tunaamka. Lakini kuna mtu anayechemsha maziwa wakati tunapandisha mlima, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, awe mke au mfanyakazi, na wa pili kati ya hao hakuulizwa kama anaona sawa. Saa tunazoziita zetu tumepewa na wengine.

Hata hivyo Jumamosi nayo ina wenyewe. Ni siku ya mazishi, na mazishi ya Kenya humtaka mtu asafiri hadi nyumbani kwa marehemu, iwe Siaya, Kitui au Murang'a. Ni siku ya harusi na ya kupeleka mahari. Kwa Wasabato ni siku ya ibada, na kwa familia nyingi za Kiislamu ni siku ambayo watoto huenda madrasa asubuhi na mtu lazima awapeleke. Tangu mtaala wa umilisi uingie shuleni, ni siku pia ya kazi za mikono: mtoto anatakiwa apeleke Jumatatu kikapu alichosuka au nyumba ya maboksi, na kila mzazi wa nchi hii anajua ni nani hukata maboksi hayo na ni nani hutafuta gundi. Anayetaka kufanya mazoezi ya maana katikati ya yote haya hawezi kutegemea bahati. Wale ninaowaona wakidumu katika mchezo huu mwaka baada ya mwaka, bila ugomvi nyumbani, huzungumza Jumatano au Alhamisi. Wanakaa na mwenzi wao, kalenda ikiwa mezani, na kusema: wiki hii natoka Jumamosi mpaka saa tano, wiki ijayo ni zamu yako kwenda kwenye chama au kulala mpaka utakapotosheka. Wasiodumu ni wale wanaotoa taarifa Ijumaa usiku wakiwa tayari wanatia mafuta kwenye cheni. Hapo mwenzio hana la kukubali wala la kukataa.

Saa tano hiyo ina hesabu yake. Safari ya kawaida ya Jumamosi ni kilomita 80 hivi. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 25 kwa saa, hizo ni saa 3 na dakika 12 za kukanyaga pedali. Ongeza chai, pancha moja au mbili na foleni ya magari wakati wa kurudi, na aliyeondoka saa kumi na mbili anafika nyumbani saa tano akiwa amejitahidi. Anayeongozwa na tamaa huchagua barabara ya Magadi. Ukishapita Kiserian unafika Kona Baridi, upepo unakupiga kifuani, kisha Bonde la Ufa linafunguka mbele yako na barabara inateremka kuelekea Olorgesailie. Ni mteremko mtamu kupita kiasi. Lakini kila ulichoteremka utakipanda, karibu mita 1,000 za kwenda juu, jua la saa nne likiwa mgongoni na maji kwenye chupa yamegeuka vuguvugu. Mazungumzo mengi magumu ya ndoa katika jamii yetu yameanzia kwenye uamuzi wa kuongeza kilomita 10 za mteremko. Ndiyo maana viongozi wenye busara huweka mahali pa kugeukia na kupashikilia, hata kama miguu ya wenye nguvu bado inataka kwenda.

Njiani kuna adabu zake. Aliye mbele akiona shimo hulionyesha kwa mkono na kupaza sauti, na neno hilo hupokewa nyuma mpaka kwa mtu wa mwisho. Aliyepata pancha hasimami peke yake. Wageni hawaachwi nyuma kwenye kilima, na akichoka mtu kabisa, mwenye pumzi huendesha mbele yake amkinge upepo. Chai hunywewa kibandani, ya maziwa, pamoja na mandazi, viazi vitamu, nduma na mayai ya kuchemsha. Hapo ndipo nimesikia wanaume wakizungumza juu ya malezi kwa uwazi ambao sijausikia baa wala ofisini: mtoto anayekataa shule, homa ya usiku, karo, mimba iliyoharibika. Watu wazima wa mji huu wana nafasi chache za kusema mambo hayo, na nadhani ndiyo sababu wengine huja hata wasipokuwa na hamu ya kuendesha.

Kwa upande wa akina mama hali ni ngumu zaidi, na haihitaji kupambwa. Idadi ya wanawake kwenye misafara imeongezeka, lakini kabla mama hajatoka huwa ameshapika chakula cha Jumamosi tangu Ijumaa usiku, ameshapanga nguo za watoto, na akifika kituoni bado ataulizwa watoto amewaachia nani. Sijawahi kusikia baba akiulizwa swali hilo. Jibu la kweli, kwamba amewaacha na baba yao, lingetosha kabisa. Nyumba ambazo wazazi wote wawili wanaendesha zimejifunza kupokezana: huyu Jumamosi, yule Jumapili mapema kabla ya ibada, na katikati ya wiki kila mmoja anaikanyaga baiskeli iliyofungwa kwenye kifaa cha mazoezi sebuleni watoto wakishalala.

Wazee wetu huitazama desturi hii kwa mshangao, na wana sababu. Walikokulia, baiskeli ilikuwa chombo cha kazi. Ilibeba mikebe ya maziwa, magunia ya mahindi, mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mpakani Busia ilibeba abiria tangu miaka ya 1960, na huko ndiko bodaboda ilikozaliwa kabla ya pikipiki kuirithi. Kwa mzee aliyekanyaga baiskeli ya Black Mamba yenye gunia nyuma, mtu mwenye gari anayepanda baiskeli ili achoke tu ni kitendawili. Lakini Kenya ina mfano mmoja unaowagusa wazazi moja kwa moja. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alikutanishwa angali mtoto na mwendesha baiskeli David Kinjah, na aliyewakutanisha ni mama yake mwenyewe. Kinjah alimfundisha pamoja na vijana wengine nyumbani kwake upande wa Kikuyu, wakipanda na kushuka vilima vya huko. Froome alikuja kushinda Tour de France mara 4, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Kilichoanzisha yote ni mzazi aliyeona mtoto wake anapenda nini.

Wengi wetu hatulei mabingwa. Tunapeleka watoto Karura. Msitu huo, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawiwe wanyakuzi wa ardhi, leo una njia ambazo mtoto anaweza kuendesha bila matatu kumpigia honi. Jumapili alasiri utamwona mtu aliyepanda vilima jana akitembea ameinama, mkono mmoja umeshika kiti cha baiskeli ndogo, mtoto akipiga kelele asiachiwe, kisha akipiga kelele aachiwe. Mkono unaondoka. Baiskeli inayumba mita kadhaa kwenye udongo mwekundu, inaelekea kichakani, inarudi njiani.

Mazoezi hayahesabiki kuwa yamepatana na familia mpaka uone alasiri ya Jumamosi inavyokwenda. Baba aliyefika saa tano kamili kisha akalala kwenye kochi hadi saa kumi hajarudi bado. Afadhali apunguze kilomita 20 arudi na nguvu za kuoga, kula na kumchukua mtoto. Anayekula vizuri njiani, ndizi au viazi kila baada ya muda, harudi na njaa inayomfanya awe mkali kwa watu ambao hawajamkosea.

Na kurudi kwenyewe hakuna uhakika, kwa barabara tulizo nazo. Hata mbali na barabara hizi hatari ipo: Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, alifariki mbioni huko Vermont, Marekani, mwezi Agosti mwaka 2022. Alikuwa mwendeshaji wa kulipwa, hodari kuliko sisi sote. Tangu hapo wengi tunaotoka asubuhi tumezidi kuzingatia mambo madogo: kumwonyesha mwenzi njia tutakayopita, kuacha simu ikituma mahali tulipo, kubeba kitambulisho, kuwasha taa hata mchana.

Ombi langu kwa wanaoongoza vikundi ni jambo moja jepesi. Kila tangazo la safari hutaja saa ya kuondoka. Andikeni na saa ya kurudi, kisha igeuzeni safari kwa wakati ili saa hiyo iheshimiwe, kwa maana kuna mtu nyumbani anayelisoma tangazo hilo pia.