Homoni na Uzazi: Kwa Nini Mfugaji Huhesabu Siku 21

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ambaye hakuona dalili za joto la ng'ombe wake usiku wa jana amepoteza zaidi ya usiku mmoja. Itambidi angoje siku 21 nyingine, na katika siku hizo zote ng'ombe ataendelea kula majani na pumba bila kubeba mimba. Dalili hizo zikimpita mara tatu, ndama atachelewa kuzaliwa kwa miezi miwili, na maziwa nayo yatachelewa kwa muda huo huo. Ni nini basi kinachopanga hesabu hii ya siku 21 ndani ya mwili wa mnyama? Jibu limo katika kemikali chache zinazosafiri katika damu, ambazo kwa sehemu kubwa ni zile zile zinazotawala uzazi wa binadamu.

Ugunduzi ulioanzia kwa majogoo

Wafugaji walijua tangu zamani kwamba fahali akihasiwa huwa maksai mpole asiyezalisha tena. Sababu yake ilianza kufahamika mwaka 1849, pale Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, alipofanya majaribio kwa majogoo wachanga. Aliwaondoa korodani. Wale walioachwa katika hali hiyo hawakuwika kama majogoo wala hawakupenda kupigana, na undu wao ulibaki mdogo. Wengine walirudishiwa korodani moja tumboni, nao wakakua kuwa majogoo kamili. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ya korodani ilikuwa imekwisha katwa, ilidhihirika kwamba korodani hutoa kitu kinachoingia katika damu na kuufikia mwili mzima. Mwaka 1905 Mwingereza Ernest Starling alivipa vitu vya namna hii jina la homoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Homoni, basi, ni kemikali inayotengenezwa na tezi au seli maalumu, na kupelekwa na damu ili ifanye kazi katika kiungo kingine. Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo mno. Damu huipeleka kila mahali, lakini seli zenye vipokezi vyake tu ndizo zinazoitikia, kama kufuli linavyokubali ufunguo wake.

Amri kutoka ubongoni

Katika sehemu ya chini ya ubongo kuna eneo dogo liitwalo haipothalamasi. Eneo hili hutoa, kwa vipindi, homoni iliyoundwa kwa asidi amino 10 tu. Homoni hiyo huiamuru tezi pituitari, iliyo chini yake, itoe homoni mbili: FSH, ambayo hukuza vifuko vya mayai katika ovari, na LH, ambayo hukipasua kifuko kilichokomaa ili yai litoke. Kwa wanaume na kwa wanyama madume, homoni hizi mbili husimamia utengenezaji wa mbegu za kiume na wa homoni ya testosteroni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchini Marekani, muundo wa homoni hiyo ya haipothalamasi ulifumbuliwa na kundi la Andrew Schally, lililotumia bongo za nguruwe, na kundi la Roger Guillemin, lililotumia bongo za kondoo. Ilionekana kuwa muundo ni mmoja kwa wanyama wote wawili; nao ndio ulio katika ng'ombe na katika binadamu. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Mzunguko wa ng'ombe

Kifuko cha yai kinapokua hutoa homoni ya estrojeni. Estrojeni ikiwa kidogo huizuia pituitari. Ikizidi kiwango fulani huichochea, na LH hutoka kwa wingi na kwa ghafla. Estrojeni hiyo hiyo hufika ubongoni na kumtia ng'ombe joto. Ng'ombe huyo hulia mara kwa mara, hutokwa na ute mwangavu unaoning'inia kama uzi, na dalili iliyo ya hakika kuliko zote ni kwamba husimama na kutulia anapopandwa na wenzake.

Joto la ng'ombe wa asili ya Ulaya, kama Friesian, hudumu kwa saa 12 hadi 18 hivi. La zebu kwa kawaida huwa fupi zaidi, na aghalabu hutokea usiku, ambapo mfugaji amelala. Yai hutoka saa 10 hadi 14 hivi baada ya joto kukoma. Kwa hiyo wataalamu wa uhimilishaji hushauri kwamba ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi apandishwe jioni, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ya siku ya pili.

Baada ya yai kutoka, kifuko kilichobaki hugeuka kuwa tezi ya muda iitwayo mwili wa manjano. Tezi hii hutoa projesteroni, homoni inayoutayarisha mji wa mimba na kuzuia joto jingine. Ikiwa mimba haikutunga, mnamo siku ya 17 hivi mji wa mimba hutoa prostaglandini, ambayo huuangamiza mwili wa manjano. Projesteroni hushuka, kifuko kingine hukomaa, na siku ya 21 joto hurudi. Mimba ikitunga, kiinitete hutoa protini iitwayo interferoni tau, ambayo huzuia prostaglandini hiyo, na mwili wa manjano hubaki hai.

Mahali binadamu anapotofautiana

Mwanamke hana kipindi cha joto, ila ana hedhi. Mwili wake wa manjano usipopata habari ya mimba hufa, projesteroni hushuka, na utando wa mji wa mimba hubanduka. Ng'ombe pia huweza kuonekana na damu kidogo siku moja hadi tatu baada ya joto, lakini hiyo si hedhi. Husababishwa na kushuka kwa estrojeni. Mfugaji aiandike: joto limekwisha pita, na litakalofuata limebakiza siku 18 hadi 20 hivi.

Kiinitete cha binadamu hutoa homoni yake, iitwayo hCG, ambayo huuokoa mwili wa manjano na kutokea katika mkojo wa mama. Hiyo ndiyo inayotafutwa na vipimo vya mimba.

Ni kosa pia kudhani kwamba yai la kila mwanamke hutoka siku ya 14. Lililo karibu na kudumu ni muda kati ya kutoka kwa yai na hedhi inayofuata, yaani wiki mbili hivi. Muda unaotangulia hubadilika, hasa kwa wasichana ambao mizunguko yao haijatulia. Msichana anayetegemea hesabu ya kalenda peke yake hana kinga ya kuaminika.

Ziwa na chakula

Ndama anyonyapo, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni, na pituitari hutoa oksitosini inayoshusha maziwa. Kunyonya huko huko hupunguza amri za haipothalamasi, ndiyo maana ng'ombe anayenyonyesha huchelewa kurudi kwenye joto. Kwa akina mama hali hufanana: anayenyonyesha mtoto maziwa yake pekee, mchana na usiku, kabla hajaona hedhi na kabla mtoto hajatimiza miezi 6, ana nafasi ndogo sana ya kushika mimba. Sharti moja likikosekana, kinga hiyo haitegemewi tena.

Njaa nayo hunyamazisha ubongo. Mafuta ya mwili hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo. Akiba ikiwa ndogo, amri za uzazi hupungua. Kwa hiyo ng'ombe aliyekonda mwishoni mwa kiangazi hahitaji dawa kwanza, anahitaji malisho.

Matumizi na tahadhari

Vidonge vya kuzuia mimba, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1960, huiga kazi ya projesteroni: huizuia LH isitoke kwa wingi, na yai halitoki. Katika mifugo, sindano ya prostaglandini huuondoa mwili wa manjano na kuwaleta ng'ombe wengi kwenye joto kwa pamoja, ili mtaalamu awahimilishe kwa safari moja.

Lakini dawa hiyo haichagui. Ng'ombe mwenye mimba changa akidungwa huitoa, na mbuzi huweza kuitoa wakati wowote, kwa maana mimba yake hutegemea mwili wa manjano hadi mwisho. Dawa hupenya pia katika ngozi ya binadamu; mwanamke mjamzito asiishike kabisa. Kwa sababu hiyo mnyama apimwe mimba kwanza, na sindano itolewe na mtaalamu wa mifugo.

Shule zenye ng'ombe zinaweza kuanza bila dawa yoyote. Daftari moja lenye tarehe za joto, za kupandishwa na za kuzaa, pamoja na wanafunzi wawili wa zamu wanaotazama zizi alfajiri na usiku, litawaonyesha darasa zima kazi ya homoni, na litaokoa siku 21 kila mara.