Kabla Hujalipa Kitanda Dubai

Kijana wetu akipata kazi Dubai, swali la kwanza nyumbani ni mshahara. La pili ni lini anasafiri. Swali la atalala wapi huja mwisho, na mara nyingi hujibiwa kwa maneno matatu: "Kuna jamaa Deira." Jamaa yupo kweli, na atampokea vizuri, lakini huenda yeye mwenyewe analala kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane, na chumba hicho hakina mkataba wenye jina lake. Pesa nyingi za watu wa Pwani hupotea hapo, katika wiki mbili tatu za mwanzo, kabla hata mshahara wa kwanza haujaingia. Ndiyo maana ni vyema kujua mambo ya nyumba yanavyokwenda kule.

Tuanze na mkataba wa kazi, maana nusu ya jibu imo humo. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, nambari 33 ya mwaka 2021, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au amlipe posho ya nyumba. Posho hiyo yaweza kuwa imeshatiwa ndani ya mshahara, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anaambiwa atapata dirham 2,500, anapiga hesabu ya kutuma nyumbani, kumbe ndani ya hizo 2,500 mna pesa za nyumba na za usafiri. Kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi inalazimika kuwapa makazi wale wanaopata chini ya dirham 1,500 kwa mwezi. Na dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani wana sheria yao, nambari 9 ya mwaka 2022, inayomwajibisha mwajiri kuwapa mahali pa kuishi. Wakala akimwambia msichana anayekwenda kazi ya nyumbani kwamba atajitafutia kitanda mwenyewe, asipande ndege mpaka aeleze vizuri kazi hiyo ni ya namna gani.

Sasa yule ambaye nyumba ni juu yake. Huku kwetu tumezoea kodi ya mwezi kwa mwezi, na dipoziti ya mwezi mmoja au miwili. Dubai mkataba wa nyumba ni wa mwaka mzima, na kodi hutajwa kwa mwaka. Hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele: moja, mbili, nne, wakati mwingine hata 12. Hundi zikiwa chache, mwenye nyumba hukubali kupunguza bei. Zikiwa nyingi, hukaza. Siku hizi baadhi yao wanapokea pesa moja kwa moja kutoka benki, lakini hundi ndiyo mazoea bado.

Chukua mfano wa nyumba ya dirham 60,000 kwa mwaka, kwa hundi nne. Hundi ya kwanza ni 15,000. Dipoziti kwa nyumba isiyo na fanicha kwa kawaida ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka, yaani 3,000, na yenye fanicha ni asilimia 10. Dalali naye huchukua asilimia 5, hiyo ni 3,000 nyingine, na kodi ya VAT ya 150 juu yake. Shirika la umeme na maji, DEWA, linataka amana ya 2,000 kwa nyumba ya ghorofa. Kuandikisha mkataba ni kama 220. Jumla inapita dirham 23,000. Kwa kiwango cha karibu shilingi 35 kwa dirham moja, hizo ni zaidi ya shilingi laki nane, na bado hujanunua godoro. Halafu kila mwezi, ndani ya bili ya umeme na maji, kuna ada ya manispaa ambayo ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi 12. Kwa nyumba hii ni dirham 250 kila mwezi. Wageni wengi huiona bili ya kwanza wakadhani kuna makosa. Pia uliza ubaridi wa AC nani anaulipia, kwa sababu katika majengo mengine hulipwa kwa kampuni tofauti yenye dipoziti yake, na AC ya Dubai mwezi wa Agosti si jambo la kuzima na kuwasha.

Ili uandike hundi lazima uwe na akaunti ya benki. Akaunti inataka kitambulisho cha Emirates. Kitambulisho kinataka viza ya ukaazi, na viza huchukua wiki kadhaa. Kwa hivyo mgeni, hata awe na pesa, hawezi kupanga nyumba yake mwezi wa kwanza. Hapo ndipo biashara ya vitanda ilipozaliwa.

Kitanda ni kitanda kweli: chini au juu, kabati moja, zamu ya jiko na foleni ya choo. Deira, hasa Naif na Al Rigga, na vilevile Satwa na Bur Dubai, vimejaa. Bei hutofautiana, lakini dirham 600 mpaka 1,000 kwa mwezi ni jambo la kawaida, umeme na intaneti ndani yake. Anayetaka faragha kidogo hupewa chumba kilichokatwa kwa mbao au jipsamu: sebule moja imegawanywa vipande vitatu, dirisha limebaki kwa mmoja.

Anayekukodisha kitanda mara nyingi si mwenye nyumba. Ni mpangaji aliyechukua nyumba nzima kwa jina lake, naye anaitafutia faida. Sheria ya upangaji ya Dubai, nambari 26 ya mwaka 2007, inakataza mpangaji kumpangisha mwingine bila ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Akifanya hivyo, mwenye nyumba ana haki ya kuwatoa wote wawili, yeye na wewe. Sheria inakupa haki ya kumdai fidia yule aliyekupangisha, lakini mtu aliyekuwa akipokea kodi kwa pesa taslimu bila risiti utamdai nini, na kwa ushahidi gani? Mwezi wa Juni 2025 manispaa ya Dubai ilianza msako mkali wa vyumba vya mbao visivyo na kibali katika mitaa kama Al Rigga, Al Muraqqabat, Satwa na Al Barsha, kwa hofu ya moto na msongamano. Mtu aliyelipa mwezi mzima anaweza kuambiwa jioni atoe mzigo wake.

Simwambii mtu asichukue kitanda. Kwa mshahara wa dirham 3,000 hakuna njia nyingine, na wengi waliojenga nyumba Kisauni na Likoni walianzia kitanda cha juu. Ninachosema ni kwamba kitanda kipangwe kwa macho mawili. Lipa mwezi mmoja mmoja, usilipe mitatu kwa ajili ya kupunguziwa. Dai risiti, hata ya ujumbe wa WhatsApp wenye jina, kiasi na tarehe; bora zaidi tuma pesa kwa njia ya benki au simu, ibaki alama. Na muulize anayekukodisha akuonyeshe Ejari.

Ejari ni neno la Kiarabu lenye maana ya "kodi yangu", na anayekijua Kiswahili cha Pwani atalisikia ndani yake neno letu ijara. Ni mfumo wa serikali ambamo kila mkataba wa nyumba Dubai huandikishwa. Mkataba usio na Ejari ni karatasi tu: huwezi kuunganishiwa umeme kwa jina lako, na unapata taabu kupeleka kesi au kumwombea mke viza. Tangu 2022 mpangaji anatakiwa pia kuandikisha wote wanaoishi naye, kupitia programu ya Dubai REST. Kama mpangaji mkuu anakataa katakata jina lako lisionekane popote, umeshajua msimamo wako katika nyumba ile.

Kuna wizi mwingine unaoanzia huku huku Mombasa. Tangazo lina picha za nyumba safi, bei ya chini, na mtu anasema ana wateja wengi, utume dipoziti ili "akuzuilie". Usitume pesa ya nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani yake. Dalali halali wa Dubai ana nambari ya usajili, na tangazo halali hubeba nambari ya kibali cha Trakheesi. Zote mbili huangaliwa kwa simu, bure. Ni afadhali ulale gesti wiki moja kwa bei ya kuumiza kuliko kutuma shilingi elfu 40 kwa picha.

Ukishapata nyumba yako kwa mkataba, sheria inakulinda kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi lazima akujulishe siku 90 kabla mkataba haujaisha, na hapandishi anavyotaka. Kwa amri nambari 43 ya 2013, kama kodi yako haijapungua bei ya soko kwa zaidi ya asilimia 10, hapandishi hata dirham. Ikiwa imepungua zaidi, anaruhusiwa kwa hatua, asilimia 5 mpaka 20 kwa mwisho kabisa. Bei ya soko huangaliwa katika kikokotoo cha Idara ya Ardhi, si kwa maneno ya dalali. Akitaka akutoe kwa sababu anauza au anataka kuishi mwenyewe, lazima akupe notisi ya miezi 12, kupitia mthibitishaji wa hati au barua iliyosajiliwa. Kukata umeme au maji ili uondoke ni marufuku. Mizozo huenda Kituo cha Mizozo ya Upangaji, ambako ada ya kufungua kesi ni asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka, si chini ya dirham 500.

Nawe una wajibu wako. Ukipewa notisi ya kodi usiyolipa, una siku 30, kisha unaweza kutolewa. Hundi kurudi kwa kukosa pesa haimpeleki mtu jela moja kwa moja kama zamani, sheria ilibadilika Januari 2022, lakini mwenye hundi sasa anakwenda moja kwa moja mahakama ya utekelezaji. Usiandike hundi ya mwezi ambao hujui utakuwa na kazi.

Wengi hukimbilia Sharjah na Ajman kwa sababu ya bei. Sharjah kodi haipandishwi miaka mitatu ya kwanza, lakini majengo mengi ni ya familia tu, na barabara ya kuingia Dubai asubuhi huweza kula saa mbili za usingizi wako. Abu Dhabi mfumo wao wa kuandikisha mikataba huitwa Tawtheeq.

Na kununua? Siku hizi tunasikia mengi kuhusu nyumba za Dubai kwa malipo ya polepole. Mgeni ameruhusiwa kumiliki kabisa tangu 2002, na sheria nambari 7 ya 2006 ikaweka msingi, lakini katika maeneo yaliyotengwa tu, kama Dubai Marina au International City. Ni zaidi ya tunavyowapa wageni sisi, maana Katiba yetu, kifungu cha 65, inampa asiye raia miaka 99 na basi. Ada ya kuhamisha hati ni asilimia 4 ya bei. Viza ya dhahabu ya miaka kumi inayotajwa sana inataka nyumba ya dirham milioni 2, kama shilingi milioni 70.

Watu wa Mombasa wataelewa haraka jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Sisi tunajua nyumba bila ardhi: ukuta ni wako, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwaka kuna malipo. Ghorofa ya Dubai unapewa hati, lakini kila mwaka utalipa ada ya huduma kwa kila futi ya mraba, ya lifti, walinzi, bwawa la kuogelea usiloogelea. Ada hiyo haiishi ukimaliza kulipa nyumba, kwa hivyo iulize mapema na uitie katika hesabu ya kodi unayotarajia kupokea. Na kama nyumba bado haijajengwa, kwa sheria nambari 8 ya 2007 pesa zako ziingie akaunti maalumu ya mradi ule, iliyosajiliwa na Idara ya Ardhi. Akaunti ya kampuni ya uuzaji haitoshi, wala ya wakala aliyekuja na kabrasha Nairobi. Taka jina la akaunti hiyo kwa maandishi, lihakikishe kwa Idara ya Ardhi, kisha ndipo utie saini.