Kamera Iko Wapi? Istilahi za Picha na Pembe katika Somo la Filamu

Wanafunzi wetu wengi walioishi Ntinda na mitaa ya jirani waliijua filamu kwanza katika vibanda vya video, ambako VJ mwenye maikrofoni yake aliieleza filamu ya kigeni kwa Kiluganda huku ikiendelea. Macho yao ni makali. Kinachowasumbua ni maneno.

Tulipowapa zoezi la kueleza kwa Kiswahili jinsi tukio moja la filamu lilivyopigwa, baadhi yao waliandika "risasi ya karibu", kwa kuwa kamusi ya Kiingereza iliwaelekeza hivyo. Ni kweli kwamba Kiswahili nacho hupiga picha kama kinavyopiga bunduki, lakini kinachotoka katika kamera ni picha. Tulicheka, tukasahihisha, yakaisha.

Kosa la pili ndilo lililotusukuma kuandika makala hii. Wanafunzi wawili walieleza picha ileile ya mtu aliyesimama kwenye ngazi. Mmoja aliiita "picha ya juu", mwenzake "picha ya chini". Mmoja tukampa alama, mwingine tukamkosesha. Kumbe wote waliona sawasawa: wa kwanza alitaja mahali alipo mtu, wa pili mahali ilipo kamera. Kosa lilikuwa katika swali letu.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zitaje kamera inatokea wapi: pembe ya kutoka chini, pembe ya kutoka juu, na pembe ya usawa wa macho. Mtu akipigwa kutoka chini huonekana mkubwa, nyuma yake kuna dari au mbingu. Katika filamu ya Citizen Kane (1941), Orson Welles na mpiga picha wake Gregg Toland walifikia hatua ya kutoboa sakafu ya studio ili kamera ishuke chini zaidi. Na kwa kuwa sasa dari lingeonekana, likatengenezwa la kitambaa, na vinasa sauti vikafichwa juu yake.

Hata hivyo, tusiwakaririshe wanafunzi kwamba kutoka juu ni kudharau. Mpira wa miguu Namboole hupigwa kutoka juu, na hakuna anayedhani wachezaji wanadharauliwa. Mtazamaji anataka kuona nafasi uwanjani. Kamera kuu nazo hukaa upande mmoja wa uwanja, kwani zikivuka ng'ambo, timu iliyokuwa ikishambulia kulia itaonekana inashambulia kushoto.

Kuhusu umbali, kipimo ni mwili wa binadamu. Picha ya mbali humwonyesha mtu kutoka utosini hadi nyayoni, ya kati kutoka kiunoni kwenda juu, ya karibu huonyesha uso, na ya karibu sana huonyesha jicho au kidole tu. Wafaransa wana "picha ya Kimarekani", inayokata kwenye mapaja, maana bastola ya kauboi huning'inia hapo na isionekane filamu itakuwa na maana gani!

Hapa ndipo ngeli za mahali zinapotufaa. Fikirini Queen of Katwe (2016) ya Mira Nair, kuhusu Phiona Mutesi na mchezo wa sataranji, au chesi kama wengi wanavyosema. Wachezaji wameketi kimya. Filamu ya namna hiyo haiwezi kuegemea picha za mbali peke yake. Kule mtaani, pale mezani, mle machoni: KU, PA na MU, kila moja na picha yake. Walimu wa hapa wakumbuke tu kwamba Mganda husema "ku mmeeza" kwa kitu kilicho juu ya meza, hivyo KU yake haina umbali tunaoukusudia. Tumewahi kusoma insha ambamo kete ilikuwa "kule mezani" ilhali mkono wa mchezaji umeishika.

Swali letu tumeliandika upya: Kamera iko wapi, inatazama wapi, na inaukata mwili wapi? Yule mwanafunzi tuliyemkosesha amerudishiwa alama zake mbili.