Mahakama ya Juu ya Kenya na imani ya wananchi

Mahakama ya Juu ya Kenya ilizaliwa na Katiba ya 2010. Ina majaji saba, na kikao hakikamiliki bila majaji watano. Kazi yake nzito zaidi imo katika Kifungu cha 140: ombi la kupinga ushindi wa rais huwasilishwa ndani ya siku saba baada ya matokeo kutangazwa, na mahakama huliamua ndani ya siku 14.

Kwa mpiga kura wa Tulia, kaunti ya Kitui, kesi hiyo huanzia kituoni. Kura zikishahesabiwa, mawakala hutia sahihi Fomu 34A, na nakala hubandikwa mlangoni kila mtu aisome. Namba aliyoiona pale ndiyo anayotarajia kuikuta Nairobi. Mwaka 2013 Ukambani, eneo ambamo Kitui imo, iliwapigia kwa wingi Raila Odinga na mgombea mwenza wake, Kalonzo Musyoka, mwana wa Kitui. Ombi la Odinga lilitupwa Machi 30, na hati ya kiapo ya nyongeza ilikataliwa kwa kuchelewa. Jaji Mkuu Willy Mutunga naye alikuwa mzaliwa wa Kitui, kwa hiyo ukabila peke yake hautoshi kueleza manung'uniko yaliyofuata. Ushahidi kukataliwa kabla ya kupimwa ndiko kulikouma.

Septemba 1, 2017 mambo yaligeuka. Majaji wanne kati ya sita walioketi, akiwemo Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha ushindi wa Uhuru Kenyatta. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeamriwa ifungue seva zake zikaguliwe, haikutii ipasavyo, na majaji wakalihesabu hilo dhidi yake. Rais aliwaita wakora. Oktoba 24 mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu akapigwa risasi. Kesho yake ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio halikusikilizwa: Maraga na Isaac Lenaola waliingia ukumbini peke yao, akidi ikakosekana, na kura zikapigwa siku iliyofuata. Huenda hakuna siku iliyoiumiza mahakama hiyo kuliko ile. Hukumu mbaya husomwa na kukosolewa. Kikao kisichofanyika hakiachi sababu yoyote ya kupimwa.

Mwaka 2022 majaji wote saba, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, waliuthibitisha ushindi wa William Ruto. Januari 2024 mahakama ilimzuia wakili Ahmednasir Abdullahi kufika mbele yake kwa sababu ya shutuma zake za hadharani. Hapo mlalamikaji na mwamuzi walikuwa kitu kimoja, na hilo ni pigo kwa taasisi inayotaka kuonekana haina upande.

Katika kesi za 2013, 2017 na 2022, sababu kamili zilitolewa wiki kadhaa baada ya uamuzi, wananchi wakiwa wameshagawanyika kwa washindi na walioshindwa. Siku 14 hazitoshi kukagua fomu za nchi nzima na kuandika hukumu inayojieleza. Bunge lilipeleke suala hilo kwa wananchi kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.