Makaa ya Upepo: Istilahi za Ujenzi Penye Mioto ya Nyika

Wafasiri wanaowaandikia wasemaji wa Kiswahili waishio Australia hukutana na maandishi ya ujenzi yahusuyo mioto ya nyika. Neno litumiwalo kwa haraka ni moja tu, nalo ni moto. Sisi tunaona kwamba neno hilo peke yake halitoshi, na kwamba upungufu huo waweza kumgharimu msomaji nyumba yake.

Tarehe 7 Februari 2009, mioto ya jimbo la Victoria iliua watu 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Kiwango cha ujenzi cha nchi hiyo, kiitwacho AS 3959, hutofautisha njia tatu ambazo moto huifikia nyumba. Ya kwanza ni ndimi za moto ziigusazo nyumba yenyewe. Ya pili ni joto la mnururisho, liunguzalo bila kugusa. Madaraja yake ni kilowati 12.5, 19, 29 na 40 kwa mita ya mraba. Ya tatu ni vipande vya magome na majani viwakavyo, ambavyo upepo huvichukua mbali na kuvipenyeza chini ya vigae na katika matundu ya dari. Hivi ndivyo viunguzavyo nyumba nyingi zaidi.

Kwa vipande hivi tulipima maneno matatu. Cheche huruka, lakini huzimika upesi. Kijinga huwaka, lakini ni cha kushikwa mkononi. Kaa hutunza moto ndani yake. Kwa hiyo tunapendekeza makaa ya upepo.

Msomaji aliyeambiwa "moto" tu hufyeka miti yote, akaharibu bioanuwai, na huku ameacha wazi upenyo wa paa. Aliyeelezwa makaa ya upepo huziba upenyo huo kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 2, na husafisha mifereji ya paa. Vilevile tusiandike kufyeka mahali pa kupunguza: katika ukanda wa kinga uzungukao nyumba miti yaweza kubaki, mradi vilele visigusane na majani makavu yaondolewe.

Mwisho, nyumba hizi zisiitwe "zisizoungua". Kiwango hakiahidi hivyo. Hupunguza hatari tu. Tuziite nyumba stahimilivu kwa moto, ili mwenye nyumba asidanganyike akakawia kuondoka siku ya hatari. Wasomaji wanaombwa watuletee maoni yao.